Core ndiyo iliyoniangusha, dogo usiidharau

Juzi saa tano usiku dogo mmoja yuko Columbus, Ohio, kanitumia meseji, "kaka Type II nimepita ila nimefeli Core, na mimi AC nimepiga Dar miaka sita, nifanyeje?" Nikaisoma mara mbili nikaona kama najisoma mwenyewe. Mimi nilitua Dallas na miaka tisa ya ufundi friji Kariakoo, kopa nachomelea hata gizani, nikajua huu mtihani wa EPA 608, ule wa serikali ya Marekani kwa mafundi wanaoshika gesi za friji na AC, ni wa kupita tu.

Nikalipia sehemu zote nne siku moja, Core ambayo ndiyo ya msingi na Type tatu za aina za mashine, maswali 25 kila sehemu, yote ya kuchagua. Type I ya vifriji vidogo nikapita, Type II ya AC na hiti pampu (AC zinazoweza pia kupasha joto) za majumbani nikapita vizuri sana, hata Type III ya zile chila za presha ndogo, mitambo mikubwa ya kupoza majengo, ambazo sikuwahi kuzigusa nikapita. Core nikapata 17. Kufaulu ni 18. Na bila Core hupewi cheti chochote, hata kama huko kwingine umepata yote. Supavaiza wangu wa wakati ule akaniambia mbele ya wenzangu nirudi kubeba ngazi, na mpaka leo nikikumbuka inaniuma.

Core haitaki kujua mkono wako unaweza nini, inauliza sheria na sababu zake. Sisi Dar ukibadili kompresa ulikuwa unafungua tu, gesi fyuuu inaishia hewani, unajaza mpya, mteja analipa, basi. Nilivyosoma ndo nikaelewa R-22, gesi ya AC tuliyoizoea, ina klorini, ikifika kule juu inakula ozoni, lile tabaka linalotukinga na jua, ndio maana ikaja Itifaki ya Montreal mwaka 1987, makubaliano ya nchi kuilinda ozoni, na Marekani kuiachia makusudi ni kosa la jinai tangu 1992. Niliona aibu kweli, jamani, maana nimeachia gesi mara ngapi mimi?

Halafu kuna maneno matatu yaliyonimaliza, rikava, risaiko na rikleimu, mimi nilidhani ni kitu kimoja. Rikava ni kuitoa gesi kwenye mashine na kuiweka mtungini kama ilivyo. Risaiko ni kuisafisha, unatenganisha oili na kuipitisha kwenye filta draya inayonasa unyevu na uchafu. Rikleimu ni kuirudisha kwenye ubora wa gesi mpya na lazima ipimwe kemikali kuthibitisha. Yashike hayo kabla ya kitu kingine chochote.

Na namba usizikariri kavu kavu, tafuta sababu yake. Mtungi wa rikava haujazwi kupita asilimia 80, kwa sababu gesi ikiwa maji maji ikipata joto inatanuka na inataka nafasi, sasa fikiria gari la kazi limeegeshwa juani Texas mwezi wa nane. Hiyo namba haijanitoka tena.

Sisi mafundi tunaotoka nyumbani tuna kiburi cha mikono, tuseme ukweli. Kaa chini usome. Nusu saa kila asubuhi kabla ya kazi, wiki tatu, Core tu, simu weka mbali. Soma hata ukichoka.

Mimi nilirudia Core peke yake nikapata 24. Kadi yangu ya Universal, ya aliyepita sehemu zote nne, haina tarehe ya kuisha, inakaa kwenye waleti nyuma ya leseni. Dogo, Type II umeshapita, iache. Jumamosi nipo ofu, nipigie tuanze na yale maneno matatu.