Mnauliza, Tunajibu: Tanga la ngalawa kule Ufaransa

SWALI: Habari za kazi mhariri. Mimi nauza dagaa hapa Moshi, soko la Mbuyuni, ila kwetu ni Pangani na mzee wangu alikua mvuvi wa ngalawa. Juzi kijana wangu kanionyesha kwenye simu picha za mji unaitwa Collioure, yani boti zao zina tanga kama la mzee kabisa! Ivi ni kweli mji ule umejengwa na dagaa? Na wanawahifadhije?
Mama Dagaa, Moshi

JIBU: Salama mama, shikamoo. Jicho lako halijakosea, zile ni boti za Wakatalani, wenyeji wa mpakani mwa Ufaransa na Hispania, na tanga lake ni la pembe tatu, limefungwa kwenye foromali, ule mti mrefu wa tanga uliolala mshazari, ndio hilohilo la ngalawa.

Collioure iko kusini mwa Ufaransa jirani na Hispania. Kujengwa na dagaa sio mji wote, ile ngome ya ufukweni ilikua ya wafalme, ila watu walikula na kusomesha kwa samaki anaitwa anchois, ndugu kabisa na dagaa mchele wa pwani yetu, na walimvua usiku kwa taa kama wetu wanavyovua kwa karabai.

Kuhifadhi sasa, hapo utashangaa maana hawachemshi wala hawaaniki. Wanampiga chumvi kwanza, afu wakina mama wanatoa kichwa na utumbo kwa vidole, mmoja mmoja mama, wanapanga kwenye pipa tabaka la samaki tabaka la chumvi, juu wanakandamiza na kitu kizito na wanaacha miezi mpaka nyama inageuka rangi na kunukia, ndio anaoshwa na kutolewa mwiba.

Kinachoniuma ni wavuvi wenyewe, pale wamebaki wachache mno, boti ulizoona zinatunzwa kama kumbukumbu na mji unaishi kwa wageni wanaofuata mnara wa kanisa uliokua ukiongoza meli, na zile rangi walizochora wachoraji Matisse na Derain mwaka 1905. Ila kazi ya chumvi ipo bado, kwa mkono vilevile, na tangu 2004 jina la anchois wa Collioure linalindwa kisheria, sio kila mtu analibandika tu kwenye kopo.

Mama, kama mzee yupo hai naomba kijana amrekodi kwa simu, aeleze ngalawa ilichongwaje kwenye mwembe na foromali ilifungwaje. Mtutumie, tutaichapa yote.