Sufuria nene inapitisha, foili inazuia?

SWALI: Nimetia simu kwenye sufuria nene ya alumini, nikafunika, nikaipigia: ikaita. Nilipoizungushia foili ya kuokea samaki, nikaambiwa haipatikani. Iweje kinene kipitishe na chembamba kizuie?
Msomaji, Sahare, Tanga

JIBU: Ndugu msomaji, unene hauna kosa. Wimbi la simu likigonga alumini, sehemu kubwa hurudishwa hapohapo. Kile kidogo kinachoingia huamsha mkondo wa umeme kwenye ngozi ya alumini, na mkondo huo ndio unaolimaliza. Kwa megahezi 900, moja ya masafa (kasi ya mitikisiko) ya simu, kila likipenya maikroni 2.8 (maikroni ni sehemu ya elfu ya milimita) hubakiwa na asilimia 37 tu ya kimo chake. Foili ya jikoni ina kama maikroni 16, kwa hiyo hupunguzwa hivyo zaidi ya mara tano. Sufuria ya milimita 2? Hapo ni kumwaga maji baharini.

Shida ni mfuniko. Utazame ukingo: umebonyea, una masizi, unagusa sufuria sehemu tatu au nne basi. Kati ya mguso na mguso pana ufa mwembamba kama unywele lakini mrefu, na wimbi hujali urefu. Ufa ukikaribia nusu ya urefu wa wimbi (sentimita 17 kwa megahezi 900, 8 kwa 1800) hugeuka antena. Unapopika wali, mvuke hutorokea kwenye nyufa hizohizo.

Rudia hivi. Sugua ukingo wa sufuria, ndani na nje, mpaka ung'ae. Tandika foili juu, ishuke nje sentimita 3, uikandamize kwa vidole pande zote, ndipo ufunike. Ukizungushia simu foili peke yake, kunja mshono mara mbili. Ikiita bado, tafuta pembe iliyochanika. Na karibu na mnara hata tundu dogo hukuumbua.

Ninyi mlioko Sahare mna kizuizi kingine mlangoni. Maji ya bahari hupitisha umeme vibaya kuliko alumini, ila yapo mengi: kwa simu hiyohiyo kina cha mpenyo (pale wimbi linapobakiwa na asilimia 37 ya kimo chake) ni kama sentimita 1. Simu ndani ya mfuko wa nailoni, shubiri moja chini ya maji ya chumvi, haipatikani kabisa. Kwenye ndoo ya maji ya kisima yasiyo na chumvi huenda ikaita. Masafa yakishuka wimbi hupenya zaidi, ndiyo maana nyambizi hutumiwa ujumbe kwa masafa ya chini sana. Kwenye kilohezi 10 kina hufika mita 2 na ushei.

Foili yako nayo usiitegemee kuzuia uga wa sumaku wa umeme wa nyumbani. Kwa hezi 50, kina ndani ya alumini ni milimita 12.