Filamu za usiku wa kimya, na daftari langu la kuzichagulia

Kuna usiku mmoja nilikaa na rimoti mkononi kwa saa nzima na dakika kumi. Nina hakika na hesabu hiyo kwa sababu nilianza kutafuta saa tatu kamili, na nilipoinua macho saa ya ukutani ilikuwa nne na dakika kumi. Nilikuwa nimeshatazama trela kumi na kitu na kusoma mihtasari mpaka yote ikafanana, lakini filamu yenyewe sikuwa nimeianza. Nikazima, nikaenda kulala nimenuna, na sina hata wa kumnunia.

Tangu siku hiyo nina daftari. Mtu akinisifia filamu mchana, naandika jina lake na urefu wake kwa dakika, basi. Usiku ukifika sitafuti tena, nafungua daftari. Kuchagua ni kazi, na kazi hiyo inataka akili ya mchana. Akili ya saa tatu usiku imeshachoka, haina uwezo wa kulinganisha mia moja na mia moja.

Dakika naziandika makusudi. Ipo filamu moja ya vita, ndefu kama safari ya meli, nimeshasinzia mara tatu, na kila mara palepale: farasi wanaingia mtoni. Mpaka leo sijui kama walivuka. Kwa hiyo usiku wa katikati ya wiki chochote kinachozidi dakika 120 nakiachia siku ya mapumziko, hata kama kimesifiwa na dunia nzima.

Halafu kuna aina. Muvi za mapigano nazipenda, nikiwa na watu, tunapiga kelele stelingi akiponea chupuchupu. Nikiwa peke yangu zinanikosesha usingizi. Picha zimeisha lakini moyo bado unakimbizana na magari. Usiku wa kimya nataka watu wachache, mahali pachache, na jambo moja ambalo ukilisimulia kwa mdomo linaonekana dogo, ila kwa wenyewe ni zito kuliko mlima.

Ya kwanza daftarini, na imepigiwa mstari mara mbili, ni 12 Angry Men ya mwaka 1957. Ni dakika 96, picha si ya rangi, na karibu yote inafanyika ndani ya chumba kimoja. Raia kumi na wawili walioteuliwa na mahakama wamefungiwa humo mpaka wakubaliane wote kama kijana aliyeshtakiwa kumuua baba yake ana hatia. Wakisema anayo, atauawa kwa kiti cha umeme, maana sheria haiachi njia ya kati. Nje joto, feni haizunguki, mmoja ana tiketi ya mchezo mfukoni na anataka wamalize haraka. Wanapiga kura: kumi na mmoja wanasema ana hatia, mmoja, anayeigizwa na Henry Fonda, anasema hapana. Hadai kwamba kijana hana kosa. Anasema tu tuzungumze kidogo kabla ya kumtoa mtu roho.

Kuna kisu, kile kinachodaiwa kilitumika kuua. Wote wameambiwa ni kisu cha namna yake, hakuna mwenye kama hicho. Kimechomekwa mezani, kimesimama. Fonda anatia mkono mfukoni, anatoa kingine kinachofanana nacho kama pacha, anakichomeka kando yake. Hakuna muziki wa kukuambia ushtuke. Mara ya kwanza nilisimama kutoka kwenye kochi bila kujua.

Ukiitazama mara ya pili, angalia kuta. Mwongozaji wake, Sidney Lumet, ambaye hii ndiyo ilikuwa filamu yake ya kwanza ya sinema, alikuwa akibadilisha lenzi kadiri hadithi inavyosonga ili chumba kionekane kinabana, na kamera akaishusha taratibu kutoka juu ya usawa wa macho mpaka chini yake. Mwanzoni unawatazama watu kutoka juu, mwishoni dari limewaelemea vichwani. Mimi sikuwa nimeligundua hilo, nilichojua ni kwamba nilikuwa nahema.

Ukitaka kitu cha kukulainisha moyo badala ya kukubana, kuna Children of Heaven, ya Iran, ya mwaka 1997, iliyoongozwa na Majid Majidi. Mvulana anapeleka viatu vya dada yake kushonwa, anavipoteza njiani. Nyumbani hali ni ngumu na baba akijua itakuwa balaa, kwa hiyo watoto wanakubaliana siri: jozi moja ya raba ya kaka wataivaa wote wawili. Dada anasoma asubuhi, kaka mchana. Basi kila siku binti anatoka darasani mbio, wanakutana kichochoroni, wanabadilishana, na mvulana naye anatimua mbio kwa sababu ameshachelewa.

Sehemu ninayoirudia ni ile wanapopanga hayo yote. Wazazi wako chumbani humohumo, kwa hiyo watoto hawawezi kusema neno. Wanajifanya wanafanya kazi za shule na kuandikiana kwenye madaftari, mmoja anaandika, anasukuma, mwenzake anasoma, anajibu. Nyuso zao zinasema kila kitu. Mwishoni kuna mashindano ya mbio, na zawadi ya mshindi wa tatu ni raba. Wa tatu, si wa kwanza. Sitasema zaidi, ila sijawahi kuona mtu akikimbia kwa mahesabu magumu namna ile.

Ombi langu moja: itazameni kwa sauti yake ya asili pamoja na sabtaito. Kuna watu hukimbia sabtaito wakidai wanachoshwa na kusoma. Usiku ndio wakati wake, maana maandishi yanakulazimisha uweke simu chini.

Siku ambazo nimechoka kiasi kwamba hata machozi ya furaha ni kazi, naweka My Neighbor Totoro ya Hayao Miyazaki, katuni ya 1988, dakika 86. Haina adui hata mmoja. Mabinti wawili wamehamia shamba, mama yao amelazwa hospitali, na msituni kuna dude kubwa la manyoya. Usiku wa mvua binti mkubwa anamsubiri baba kituoni, mdogo amelala mgongoni kwake, na dude linakuja kusimama kando, limejifunika jani kichwani. Binti analikabidhi dude mwavuli. Matone yanapodunda juu yake linapumbaa kwa raha, kisha linaruka na kutua kwa kishindo ili maji yote ya mitini yamwagike kwa pamoja. Hicho ndicho kisa, hakuna kingine, na mimi nimeangalia mara sijui ngapi.

The Straight Story ya mwaka 1999 ni ya wale walionuniana na ndugu zao. Mzee mgonjwa wa macho, asiye na leseni ya gari, anapanda mashine ya kukatia majani na kusafiri kutoka jimbo la Iowa hadi jimbo la Wisconsin, huko Marekani, kumwona kaka yake aliyepata kiharusi, baada ya miaka kumi ya kutosemeshana. Safari hiyo kweli ilifanyika, mwaka 1994. Kuna mahali kamera inamwona mzee barabarani, inapanda taratibu hadi mawinguni, inatulia huko, kisha inashuka. Unategemea kumkuta mbali. Amesogea hatua chache tu. Nilicheka peke yangu chumbani.

The Lunchbox ya mwaka 2013 nayo ni nzuri, ya barua zinazosafiri ndani ya chombo cha chakula kilichopotea njia. Usiitazame na njaa.

Kuhusu matayarisho sina mengi. Taa naacha moja nyuma yangu, kwa sababu kioo kinachomulika gizani kinaniumiza macho. Simu inakaa chumba kingine. Na filamu naipa dakika 20. Ikishindwa kunishika naizima bila kujilaumu, ila jina silifuti daftarini, naandika tarehe. Zipo nilizozizima nikiwa na mawazo, nikazirudia baadaye nikazipenda mno.

Juzi ilikuwa zamu ya Rear Window, ya mwongozaji Alfred Hitchcock, 1954. Mpiga picha amevunjika mguu, anashinda kwenye kiti cha magurudumu akichungulia madirisha ya jirani zake, na kamera nayo karibu wakati wote inabaki naye mlemle chumbani, kwa hiyo nawe unachungulia. Ilipoisha nikaenda kufunga pazia. Ng'ambo kulikuwa na dirisha moja tu lenye mwanga, ule wa buluu unaochezacheza ukutani, na kichwa cha mtu kimetulia. Nikasimama kidogo nikijaribu kuona anatazama nini, halafu nikakumbuka nilichotoka kutazama, nikavuta pazia upesi.