Jibu: Je, ni kiburi kujisomea Biblia?
Dada, umeuliza kama ni kiburi kujisomea Biblia wakati mchungaji wako anasema kufasiri ni kazi yake. Si kiburi hata kidogo. Watu wa Beroya walimsikiliza Paulo mwenyewe, kisha wakayachunguza Maandiko kila siku kuona kama ndivyo, na Matendo 17:11 inawasifu. Ila soma sura nzima. Yeremia 29:11, ile ahadi ya Mungu ya amani na tumaini, tunapenda kuibandika kwenye matatu hapa Nairobi, ilhali mstari wa 10 unataja miaka 70 ya uhamishoni Babeli (huo nani aubandike!). Ukikwama, uliza: yule Mwethiopia wa Matendo 8 alisoma Isaya, akamkaribisha Filipo garini amweleze. Mchungaji anayekasirikia maswali ndiye ananitia wasiwasi. Anza na Marko, ndiyo Injili fupi zaidi.