Rais wa Haiti akifa, nani anakalia kiti?

SWALI: Wakili, shikamoo. Rais Jovenel Moïse wa Haiti alipouawa mwaka 2021, walijitokeza zaidi ya mtu mmoja kudai uongozi. Kwani katiba yao haisemi nani anashika nafasi?

JIBU: Marahaba. Inasema, tena mara mbili, na hapo ndipo kizaazaa kilipoanzia.

Katiba ya 1987 ilipitishwa mwaka mmoja baada ya dikteta Jean-Claude Duvalier kuikimbia nchi. Waliotunga hawakutaka tena rais wa maisha: miaka mitano, hakuna kuunganisha vipindi viwili, na waziri mkuu lazima apite Bungeni. Kifungu cha 149 kilimkabidhi urais wa muda jaji anayeongoza Mahakama ya Juu. Marekebisho ya 2012 yakamwondoa jaji. Sasa Baraza la Mawaziri linaongoza chini ya waziri mkuu, na kiti kikiwa wazi kuanzia mwaka wa nne wa muhula, Bunge linamchagua rais wa kumalizia. Ila marekebisho hayo yalichapishwa kwa Kifaransa tu. Anayesoma katiba kwa Kikrioli, lugha ya karibu kila Mhaiti, bado anamkuta jaji pale pale.

Siku Moïse anauawa, 7 Julai 2021, jaji huyo alikuwa ameshafariki kwa UVIKO mwezi uliotangulia. Claude Joseph alikuwa kaimu waziri mkuu, lakini siku mbili kabla Moïse alikuwa amemteua Ariel Henry awe waziri mkuu, ambaye alikuwa bado hajaapishwa. Bunge je? Uchaguzi haukuwa umefanyika, baraza la chini halikuwepo, na kati ya maseneta 30 walibaki 10. Wengi wa hao 10 wakampigia debe kiongozi wao, Joseph Lambert.

Kwa maoni yangu Claude Joseph ndiye aliyekuwa na hoja yenye uzito, maana uteuzi bila kiapo haukabidhi ofisi. Lakini mabalozi wa nchi kubwa, Marekani na Ufaransa zikiwemo, walimhimiza Henry aunde serikali, Claude Joseph akaachia, na 20 Julai Henry akashika.

Alitawala bila rais juu yake hadi alipojiuzulu rasmi Aprili 2024. Mwezi uliotangulia alikuwa Nairobi kutia saini makubaliano ya kupeleka polisi wa Kenya nchini Haiti, magenge ya huko yakaufanya uwanja wa ndege wa Port-au-Prince ufungwe, akaishia Puerto Rico na kutangaza kung'atuka. Baraza la mpito la watu 9 lililokuja baada yake halimo katika toleo lolote la kifungu cha 149.