Dada ako Windsor na PR, kazi iko Detroit

SWALI: Anti, habari za Nakuru. Dada yangu ni nesi, alienda Kanada kusoma miaka miwili, akamaliza, akaanza kazi na mwaka jana akapata PR, ile ruhusa ya kuishi Kanada daima. Sasa ako Windsor na anasema wenzake wa wodi wanavuka daraja asubuhi wanafanya kazi Detroit, upande wa Marekani, jioni wanarudi, na wanalipwa dola za Marekani. Kuna ajenti hapa Kisumu ametuambia tumpe elfu themanini atamtengenezea visa ya TN, ile ya kufanya kazi Marekani, chapchap. Mama ashauza ng'ombe mmoja. Tutume? – Mama Wawili, Busia

JIBU: Mama Wawili, msitume hata shilingi, na ng'ombe waliobaki wabaki zizini.

Najua wewe umezoea Busia, unavuka na kitambulisho chako, unanunua matoke, unarudi kabla ugali uive, so unaona mpaka ni mpaka tu. Huko kwa daraja la Detroit hawaulizi unaishi upande gani, wanaangalia pasipoti. TN ilianza 1994 na NAFTA, mkataba wa biashara wa Marekani, Kanada na Mexico, tangu Julai 2020 iko kwa mkataba mpya wa USMCA, na ni ya raia wa Kanada na Mexico peke yao. PR si uraia. Mbele ya yule ofisa wa daraja dada yako bado ni Mkenya, hata kutembea tu Detroit Jumamosi moja anahitaji visa.

Na hapa ndio nilicheka. Raia wa Kanada akitaka TN haombi visa yoyote, anafika pale mpakani na pasipoti, barua ya mwajiri na vyeti vyake, analipa dola 50 na ada ndogo ya fomu, ofisa anaamua hapo hapo, akikubaliwa anaweza kupewa mpaka miaka 3 na zikiisha anaomba tena. Sasa huyo ajenti anauza nini? Mwenye haki haihitaji, na asiye na haki hawezi kuipata hata akilipa milioni.

H-1B, ile visa ingine ya kazi ya Marekani, dada yako asahau. Nafasi ni 65,000 na zingine 20,000 za wenye masta ya chuo cha Marekani, ni bahati nasibu, na nesi wa kawaida wa wodi mara nyingi hata haingii.

Njia yake ni kuhesabu siku. Uraia wa Kanada unataka siku 1,095 ndani ya miaka 5, na zile siku za uanafunzi na za kazi kabla ya PR zinahesabiwa nusu nusu, lakini zisipite 365. Huo mwaka mmoja ashaupata, kwa hivyo akikaa miaka miwili kamili na PR anaweza kuomba, halafu angoje karatasi. Na asiogope kupoteza Ukenya, Katiba ya 2010 inamruhusu aliyezaliwa Mkenya kuwa na uraia mbili.

Akingoja asikae bure. Kama alifanya NCLEX, mtihani wa leseni ya unesi, huko Ontario, jimbo la Windsor, ni ule ule wa Marekani, so aanze kufuatilia leseni ya Michigan, jimbo la Detroit, na VisaScreen, cheti cha kuthibitisha masomo na leseni za manesi wa nje, manesi hawapiti bila hicho.

Ila kila Disemba akikuja kwenu kula kuku wiki sita, ajue hizo siku za Busia Kanada haimhesabii.