Re: Geji ya rangi kwa XML inaniletea pengo jeupe

Mkuu, kwa hiyo geji yako ya tangi la maji kwenye FusionCharts (maktaba ya kuchorea chati kwenye kurasa za wavuti), hilo pengo jeupe kati ya nyekundu na njano ni wewe mwenyewe umelitengeneza, angalia vizuri, nyekundu umeiishia 25 halafu njano ukaianzia 30, sasa hapo katikati nani apake rangi? Kila rangi ianzie pale ya mwenzake ilipoishia, yaani XML yako (maandishi yenye vitambulisho yanayobeba data ya chati) iwe hivi:

<chart lowerLimit="0" upperLimit="100" numberSuffix="%">
<colorRange>
<color minValue="0" maxValue="25" code="E53935"/>
<color minValue="25" maxValue="60" code="FDD835"/>
<color minValue="60" maxValue="100" code="43A047"/>
</colorRange>
<dials><dial value="42"/></dials>
</chart>

Hiyo 42 ndo mshale, utasimama kwenye njano. Aina ya chati iite angulargauge na dataFormat (sehemu ya kutaja muundo wa data) andika xml, watu wengi wanakopi mfano wa json (muundo mwingine wa data) wanasahau kubadilisha hapo kisha wanalia.

Kingine, kwenye kichwa cha chati umeandika "Tangi la Juu & Chini", hiyo alama ya & ikikaa uchi hivyo XML yote inagoma, weka &amp; badala yake. Mi iliwahi kunikesha usiku mzima kwa kosa hilohilo nikidhani seva imekufa, kumbe kialama kimoja tu.

Namba usiziandike kwa mkono, skripti yako ya PHP ndo itoe hiyo XML ikishasoma databesi, we unabadilisha value ya dial tu rangi zinabaki zilivyo. Ila binafsi nyekundu ningeisogeza hadi 30, tangi likifika robo pampu ishachelewa kuwashwa.